Karisa fupi haitaki kubembelezwa: jibu kwa dada wa miche 14

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili na ile ya pili nikacheka kidogo, samahani, sio kwa ubaya, ni pale uliposema "naihudumia kama mgonjwa na ndio inazidi kufa". Kwa wengine ambao hamjaliona: dada alipanda karisa (kile kichaka cha bustani chenye miiba, maua meupe na tunda jekundu), ile ya kutambaa inayouzwa kwa jina la Green Carpet, miche 14, mistari miwili kando ya njia ya bustani, sasa ina miaka miwili. Anamwagia kila jioni, samadi anaongeza kila mwezi, na udongo wake ni ule mweusi mzito unaonata kwenye koleo. Mitatu imeshakufa, mingine inageuka njano kuanzia majani ya chini, halafu kuna matawi yamesimama wima yamewazidi wenzake kama mara tatu hivi, maua yapo ila tunda hajawahi kuona hata moja. Mwisho kauliza mtoto wake wa miaka minne akila tunda lake itakuwaje, manake jirani kamtisha kwamba mti wote ni sumu.

Maswali manne. Ila karibu yote yanajibiwa na kitu kimoja, yaani mahali mmea huu unakotoka, na hicho ndio kitu ambacho muuza miche hakukuambia, yeye alikwambia tu ni mmea mgumu haufi. Ni mgumu kweli. Lakini ugumu wake ni wa njaa na upepo, sio wa kushiba.

Karisa, kitaalamu Carissa macrocarpa, kwao ni pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, inaanzia Eastern Cape kule Afrika Kusini, inapita KwaZulu-Natal mpaka Msumbiji. Wazulu matunda yake wanayaita amathungulu. Hilo macrocarpa maana yake ni yenye tunda kubwa, na ni kweli, kwenye ukoo wake hii ndio yenye tunda kubwa, ndugu yake wa bara tunayemwita mtandamboo (acheni kucheka) tunda lake ni dogo tu jeusi la kutupia mdomoni. Sasa nikisema pwani usiwaze minazi na kivuli. Waza vilima vya mchanga. Pale iSimangaliso huko KwaZulu-Natal, hifadhi iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1999, kuna vilima vya mchanga vinavyopita mita 100 kwenda juu na vimefunikwa na msitu. Ukitoka baharini kupanda, kwanza unakuta mchanga mtupu, halafu vimimea vinavyotambaa vyenye maua ya zambarau kama ya viazi vitamu, hivyo ndio vinashika mchanga usihame, halafu ndio unaanza ukanda wa vichaka na humo ndio karisa inakaa, nyuma yake sasa miti mirefu. Kwa hiyo karisa iko mstari wa mbele karibu na bahari, inakula upepo wa chumvi kabla ya wengine.

Na hapo kwenye upepo kuna kitu kizuri sana. Upepo wa bahari unabeba matone madogo madogo ya maji ya chumvi, yanatua kwenye zile ncha laini za matawi na kuziunguza. Upande unaoangalia bahari ncha zinakufa kila zikichomoza, upande wa nyuma zinasalimika, matokeo yake kichaka kinachukua umbo la paa lililoinama, kinaanza chini kabisa upande wa bahari kinapanda taratibu kuelekea bara, ukitazama kwa mbali ungesema kuna mtu anapita na mkasi. Chukua karisa ileile, iweke nyuma ya kilima ambako upepo haufiki, inakwenda mpaka mita 3 au 4. Huko porini ufupi ni kazi ya upepo. Shika hilo, tutalirudia kwenye matawi yako yaliyosimama.

Majani nayo yameumbwa kwa maisha hayohayo. Ni manene, magumu kama ngozi, yanang'aa kwa nta, na yanabaki kijani mwaka mzima. Jani la kudondosha na kuota upya kila msimu ni gharama kubwa kwa mmea unaoishi kwenye mchanga usio na chakula, bora utengeneze jani moja imara likae muda mrefu, ulifunike nta chumvi isipenye na maji yasitoke. Miiba ile yenye panda kama herufi Y, mirefu mpaka sentimita 5, ni ya kuwakatisha tamaa wanyama wala majani. Matunda yaliyoiva lakini hayana ulinzi wowote, ndege na tumbili wanakula watakavyo, ndio wasafirishaji wa mbegu.

Haya, maji.

Watu wakisikia mchanga wanadhani ni jangwa. Hapana. Durban, mji wa pwani hiyohiyo, inapata mvua kama milimita 1000 kwa mwaka, nyingi wakati wa miezi ya joto ya kule, mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Karisa inanyeshewa vizuri tu. Tofauti ni kwamba kwenye kilima cha mchanga mvua ikinyesha maji yanapita, mizizi inakunywa inayoweza halafu hewa inaingia tena kwenye nafasi kati ya chembe za mchanga. Mizizi inapumua, hii watu wanaisahau sana. Udongo wako mweusi unaonata chembe zake ni ndogo mno zimebanana, ukimwagia jioni asubuhi bado maji yamejaa kwenye zile nafasi, na kabla hayajatoka jioni nyingine imefika na we umefika na ndoo. Kwa hiyo mizizi ina miaka miwili haijapata pumzi kamili.

Ndio hapo wanaingia Phytophthora na Pythium, vijidudu vinavyofanana na fangasi ila sio fangasi hasa, na mbegu zao ndogondogo zina mikia, zinaogelea. Kwenye udongo unaokauka hazina pa kuogelea. Kwenye wako wanaenda mche mpaka mche. Dalili yake inachanganya watu wengi: majani ya chini yananjanoka, halafu mmea unalegea kama una kiu, manake mizizi imeoza haiwezi kunyonya, na mwenye bustani akiona umelegea anaongeza maji. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe miaka ya mwanzo, tena siyo kwa karisa mbili tatu.

Usiniamini mimi, hakikisha mwenyewe. Ng'oa mmoja katika ile iliyokufa, suuza mizizi. Mizizi mizima ni migumu na ndani ni myeupe. Iliyooza ni kahawia laini, na ukiuvuta mzizi mwembamba kwa vidole ganda la nje linavuka kama soksi unabaki na uzi katikati. Ukiona huo uzi basi kesi imeisha. Halafu chimba shimo la sentimita 30 hapo katikati ya mistari, jaza maji yaache yapotee, jaza tena uangalie. Kama mjazo wa pili baada ya masaa manne matano bado umesimama, karisa hapo inateseka hata ukimwagia mara moja kwa wiki.

Cha kufanya. Kwanza acha maji ya kila jioni leo hii. Pili, na hapa naomba unisikilize maana kila mtu atakushauri kinyume, usichukue mchanga ukachanganya na huo udongo wa mfinyanzi ukidhani unautengenezea pwani. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unatoa kitu kigumu kama tofali, mchanga mpaka uwe mwingi kuliko udongo wenyewe ndio unaleta maana na hiyo ni malori. Nyanyua badala ya kuchanganya. Tengeneza tuta la sentimita 30 kwenda juu kwa udongo wa kichanga wenye kokoto ndogo na mboji kiasi, hiyo 11 iliyobaki ing'oe na udongo wake wa kwenye mizizi, kata mizizi iliyooza, punguza matawi kama theluthi ili mizizi iliyobaki isibebe mzigo mkubwa, panda juu ya tuta. Ile ambayo mizizi imeoza zaidi ya nusu usihangaike nayo. Baada ya kupanda unamwagia vizuri, halafu unasubiri juu pakauke, unaingiza kidole mpaka kiungo cha pili na kama kuna unyevu unaondoka zako. Ikishashika, baada ya msimu mmoja hivi, utamwagia pale tu kiangazi kikizidi.

Samadi kila mwezi iache pia. Mara moja kwa mwaka mboji nyembamba juu inatosha. Mchanga wa vilima hauna chakula na mmea umejipanga hivyo, ukiumiminia naitrojeni unatoa majani laini mengi, wadudu wale wa magamba wanayapenda hayo majani laini kuliko kitu chochote, na maua yanapungua. Jua liwe la kutosha, kwenye kivuli itaishi ila itakuwa ndefu nyembamba yenye maua mawili matatu. Baridi kali nayo haiipendi, ikishuka chini ya sifuri kidogo tu miche michanga inaungua, iliyokomaa inavumilia mpaka kama nyuzi 4 chini ya sifuri, zaidi ya hapo ni bahati.

Matawi yaliyosimama sasa. Nilisema porini ufupi ni kazi ya upepo. Green Carpet sio hivyo, hiyo ni fupi kwa damu. Watu waliona mmea mmoja umezaliwa na tabia ya kulala, sentimita 30 mpaka 45 kwenda juu lakini unatambaa mita moja na zaidi kwenda pembeni, wakakata vipandikizi wakavipanda, wakakata tena, na ndio hiyo iko kwako. Lakini tabia ya kusimama bado iko ndani, na karisa fupi nyingi mara mojamoja zinatoa tawi lililorudi kwenye asili, lina nguvu, linapanda juu, majani yake ni makubwa kidogo. Kwenye shibe ya samadi linaenda kasi zaidi. Ukiliacha linakula chakula cha wenzake na baada ya miaka michache zulia lako linakuwa kichaka cha kawaida kinachokuchoma mapajani. Watu wanakosea wanakata ncha, ukikata ncha yanatoka mawili. Fuata tawi mpaka linapoanzia, kata palepale kwenye shina, hata kama ni chini ardhini. Vaa glavu nzito, na macho ulinde, utomvu mweupe utatoka mwingi. Ila angalia na kitu kingine, kama kuna mche ambao wote mzima umesimama, sio tawi moja tu, basi huo kuna mtu kitaluni aliotesha kwa mbegu. Mbegu ya karisa ya kulala haitoi karisa ya kulala, inatoa inachotaka. Huo usiung'oe haraka, utauhitaji kwenye swali linalofuata.

Matunda. Hapa ndipo mi napapenda.

Malalamiko yako sio mapya hata kidogo. Karisa ilifika Marekani mwaka 1886, mtaalamu wa bustani Theodore Mead ndiye aliyeipeleka, halafu 1903 David Fairchild wa wizara yao ya kilimo akachukua mbegu nyingi kutoka bustani ya mimea ya Durban, wakaotesha miche maelfu pale Miami ikagawiwa Florida, California na majimbo mengine ya joto ya pwani. Kama uzio na pambo ilipendeza sana, chumvi ya bahari haikuisumbua. Matunda sasa, mingine ilizaa, mingine kidogo, mingine haikuzaa kabisa ingawa ilichanua mwaka mzima kama yako.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni mgeni wa usiku. Ua la karisa ni jeupe, nyota ya petali tano, linanukia kama ua la mchungwa, na rangi nyeupe na harufu nzito mara nyingi ni tangazo kwa wadudu wa gizani. Kwao linachavushwa na vimbawakawa wadogo na nondo, hasa wale nondo wakubwa wanaopepea mbele ya ua bila kutua na mrija mrefu wa kunyonyea, manake shingo ya ua ni nyembamba na chavua iko ndani. Kama bustani yako unapiga dawa ya wadudu kila mara, mgeni huyo haji. Sababu ya pili ni nzito zaidi: maua ya karisa hayako sawa kwenye kila mmea. Kuna mimea ambayo maua yake ni makubwa kidogo, vile vijiti vyenye chavua vimekuwa virefu kupita kile kijiti cha kike cha katikati, haya yanafanya kazi kama madume. Kuna mingine vijiti vya chavua vimelingana na cha kike lakini vifuko vyake ni vidogo havina chavua, hayo ni majike. Na hata mmea wenye vyote mara nyingi haujikubali wenyewe, unataka chavua ya mwingine.

Sasa we ulipanda miche 14. Kwa macho ni 14, kwa damu ni mmoja, wote vipandikizi vya mama mmoja. Ni kama mtu amejikata vipande akajipanga kando ya njia anasubiri kuoana na nafsi yake. Hata nondo wote wa KwaZulu-Natal wakija hapo tunda halitoki, au litatoka moja la kubahatisha.

Kwa hiyo unahitaji karisa ya damu nyingine karibu. Ule mche uliotoka kwa mbegu kama unao, au nunua mmoja wa aina inayosifika kwa kuzaa, kuna Fancy na Tuttle, Fancy inasimama kwa hiyo iweke nyuma au kwenye kona. Halafu saidia kwa mkono: brashi nyembamba kabisa, jioni maua yakiwa mapya, unaichomeka taratibu kwenye shingo ya ua la mmea mmoja, unaizungusha, unaenda nayo kwenye ua la mmea mwingine, na unarudi vilevile manake hujui nani dume nani jike. Mimea ambayo haikuwahi kuzaa imeonekana ikizaa kwa njia hiyo. Ukiona nyuma ya ua kumevimba kijani baada ya petali kudondoka, umefaulu.

Mtoto na sumu. Jirani yako hajakosea kabisa ila kakuchanganyia. Karisa iko kwenye ukoo mmoja na oleanda na waridi la jangwani, ukoo ambao una sumu nyingi za moyo, kwa hiyo majani, matawi, utomvu, matunda mabichi, yote hayo hayaliwi. Tunda lililoiva lenyewe linaliwa, na ganda lake na mbegu zake. Liive hasa, jekundu iliyokolea na laini ukilibonyeza kidogo, ukikata utaona vidoa vyeupe vya utomvu, hivyo havina neno. Ladha ni uchachu mtamu, watu wanatengeneza jemu. Ukipika usitumie sufuria ya alumini, na utomvu utatoka na kugandia pembeni ya sufuria kama gundi, usisugue kwa nguvu, paka mafuta ya kupikia unatoka wenyewe.

Kitu ninachokiogopa zaidi kwa mtoto ni kufananisha. Kwenye pwani hiyohiyo ya vilima vya mchanga kuna ndugu mwingine, Acokanthera oblongifolia, naye anapandwa kama pambo, majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye wekundu kidogo yanayonukia, utomvu mweupe. Huyo ni sumu kali, jamaa zake ndio walikuwa wanachemshwa kupaka mishale. Mwenyewe hana miiba na tunda lake likiiva ni zambarau inayoelekea nyeusi. Karisa ina miiba ya panda na tunda jekundu. Shida inakuja ukinunua karisa zisizo na miiba, kama Boxwood Beauty, hapo ile alama ya miiba inapotea na unabaki na rangi ya tunda tu. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne sheria iwe moja, hali tunda la bustani mpaka mtu mzima amelichuma kwa mkono wake. Na kando ya njia anayopita na baiskeli yake, kusema ukweli, mwiba wa sentimita 5 ndio utaanza kukuletea kilio kabla ya tunda. Mstari wa mbele ningeurudisha nyuma hatua moja.

Ile mitatu iliyokufa usinunue mingine, toa kwenye zako. Kipandikizi cha karisa kinachokatwa na kuchomekwa moja kwa moja kinasumbua kushika, kuna ujanja wa zamani: chukua kitawi kichanga, kikate kwa kisu nusu ya unene wake tu, kiinamishe, kiache kining'inie hivyohivyo kwenye mama yake kama miezi miwili. Kinaendelea kupata maji kidogo huku pale kwenye jeraha panajiandaa. Baada ya hapo unakimalizia kukata unachomeka kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, kivulini, na mizizi inatoka kama siku 30 hivi. Hakikisha tu unachagua tawi lililolala, kwa sababu ukikata kwenye yale yaliyosimama utakuwa umeotesha kile ambacho umetoka kukipogoa.